Hedhi Inayopotea: Namna ya Kutafuta Jibu na Kuishi na PCOS

Kama hedhi yako hukaa miezi 2 au 3 bila kuonekana, kisha ikaja siku usiyoitarajia na kugoma kukatika. Kama unaota nywele ngumu kidevuni na juu ya mdomo, nazo hurudi kila ukizinyoa. Kama chunusi zimekataa kuondoka ingawa ujana wa kubalehe ulishapita, mwongozo huu ni wako. Yaelekea umeshaambiwa mengi: kwamba homoni zimevurugika, kwamba ni chango, kwamba una PID sugu (maambukizi ya via vya uzazi), kwamba kizazi kinahitaji kusafishwa, au kwamba yote yatakwisha ukiolewa na kuzaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hali ambayo kwenye kadi ya hospitali huandikwa PCOS (kifupi cha polycystic ovary syndrome, yaani ovari zenye vivimbe vingi) inawapata asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajijui. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya ushahidi wa hali hii unao wewe mwenyewe, katika tarehe za hedhi yako na katika ngozi unayoiona kila siku kwenye kioo, na kwamba ushahidi huo ufike kwa daktari mapema, uwe unatafuta mtoto au hutafuti, uwe umeolewa au hujaolewa.

Tuanze na kinachotokea mwilini, maana ukikielewa utajua dawa ipi inafaa na ipi ni kupoteza fedha. Kwa kawaida, katika kila mzunguko ovari hukuza vijifuko kadhaa vyenye mayai machanga. Kimoja huvitangulia vingine, hupasuka na kuachia yai, kisha mabaki yake hutengeneza projesteroni, homoni inayouandaa utando wa ndani wa mji wa mimba na ambayo ikishuka, utando huo hutoka kama hedhi. Mwenye PCOS huwa na androjeni zilizozidi, yaani zile homoni ambazo wanaume wanazo kwa wingi na wanawake kwa kiasi kidogo. Vijifuko huanza kukua, halafu husimama njiani. Yai halitoki, projesteroni haitengenezwi, na hedhi haiji kwa wakati wake. Kwa wanawake wengi nyuma ya haya yote kuna insulini: mwili hauiitikii vizuri, kongosho huongeza kuitengeneza, na insulini hiyo nyingi huzichochea ovari zitoe androjeni zaidi. Sehemu ya tatizo hurithiwa, ndiyo maana si ajabu kulikuta kwa mama, dada au binamu, na kisukari kikawa kinatembea katika ukoo huohuo. Halitokani na vidonge vya uzazi ulivyowahi kumeza, wala na mimba iliyoharibika zamani, wala na laana ya mtu, wala na uchafu uliobaki kizazini.

Walioieleza hali hii kitabibu mwaka 1935 ni madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, baada ya kuwachunguza wanawake 7 ambao ovari zao zilikuwa kubwa na zenye vijifuko vingi. Kwa kuwa walianzia kwenye ovari, jina nalo likashikamana na ovari, na hadi leo mwanamke anayesomewa majibu husikia kwamba ana uvimbe mwingi na kudhani atapasuliwa. Vile si uvimbe. Ni vijifuko vya mayai vilivyokwama, vyenye upana wa milimita chache tu, visivyogeuka kuwa saratani na visivyohusiana na fibroidi, ambazo huota kwenye misuli ya mji wa mimba. Jina hilo limewapeleka wengi moja kwa moja kwenye ultrasaundi, na hapo ndipo utambuzi unapopotea njia.

Vigezo vilivyokubaliwa na wataalamu waliokutana Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003, ambavyo bado ndivyo msingi wa mwongozo wa kimataifa uliohuishwa mwaka 2023, vinahitaji mambo 2 kati ya 3 kwa mwanamke mtu mzima: hedhi isiyo na mpangilio; dalili za androjeni kuzidi, iwe zinaonekana mwilini au zimepatikana kwenye damu; na ovari zenye vijifuko vingi kwenye picha, au badala ya picha, kipimo cha damu cha homoni iitwayo AMH. Yote hayo ni baada ya kuhakikisha hakuna ugonjwa mwingine unaofanana nayo. Tafakari maana ya hesabu hiyo. Kama hedhi yako imepotea na nywele za kidevuni zipo, mambo 2 yameshatimia na huhitaji picha yoyote ili kutambuliwa. Kwa upande wa pili, picha yenye vijifuko vingi kwa mwanamke ambaye hedhi yake huja vizuri na ambaye hana dalili nyingine haithibitishi kitu, kwani wanawake wengi vijana wenye afya njema wana ovari za namna hiyo. Na ukiambiwa kwamba ultrasaundi iko safi kwa hiyo huna tatizo, ilhali hedhi imekuja mara 4 tu mwaka mzima, hujajibiwa swali lako. Rudi ukaulize tena.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa mabinti. Katika miaka 8 ya kwanza tangu binti avunje ungo, picha ya ovari haipaswi kutumika kumtambua, wala hicho kipimo cha AMH, kwa sababu ovari za umri huo huwa na vijifuko vingi kwa asili. Kwake yeye lazima yawepo yote mawili, hedhi isiyo na mpangilio na dalili za androjeni. Mama unayesitasita kumpeleka bintiyo hospitali kwa kuogopa ultrasaundi ya kupitia ukeni, hofu hiyo isikuzuie. Picha hiyo kwake haihitajiki ili kupata jibu, na hata kwa mtu mzima ambaye hajawahi kujamiiana, picha ikihitajika, hupigwa juu ya tumbo kibofu kikiwa kimejaa mkojo. Hakuna daktari mwenye haki ya kulazimisha vinginevyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuandika. Kalenda ya ukutani inatosha, daftari linatosha, simu inatosha. Weka alama siku ya kwanza ya damu, kisha hesabu kutoka hapo hadi siku inayotangulia hedhi inayofuata. Huo ndio mzunguko mmoja. Ikiwa imepita miaka 3 tangu uvunje ungo, mzunguko wa chini ya siku 21 au wa zaidi ya siku 35 si wa kawaida, na vilevile hedhi isiyofika mara 8 kwa mwaka. Kwa binti aliye kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu kikomo cha juu ni siku 45. Mwaka wa kwanza wenyewe hedhi huyumba, na kuyumba huko si ugonjwa, lakini ukishapita, hata mzunguko mmoja unaozidi siku 90 ni sababu tosha ya kumwona daktari. Binti aliyefikisha miaka 15 bila kuvunja ungo naye aonwe. Usisubiri kwanza ujaze kurasa za mwaka mzima: kama unakumbuka kwamba tangu Ramadhani hadi Iddi ya kuchinja hukuona kitu, andika hivyohivyo na uende.

Kisha tazama mwili wako bila aibu, na umweleze daktari kwa maneno ya wazi hata kama hakuuliza. Nywele zinazohesabiwa ni zile ngumu na nyeusi, kwenye kidevu, juu ya mdomo, katikati ya kifua, chini ya kitovu, mgongoni na mapajani. Kama umezinyoa asubuhi ile, sema, kwa sababu wengi hufika wakiwa wamejisafisha na daktari asione kitu. (Kunyoa hakuzifanyi ziongezeke, ingawa imani hiyo ni ya siku nyingi.) Nywele za utosini zikipungua, sema pia. Chunguza shingo nyuma na makwapani: ngozi inayokuwa nyeusi, nene na laini kama mahameli ni alama ya insulini kuzidi. Wasichana wengi wameisugua kwa dodoki hadi ikachubuka wakidhani ni uchafu, na wengine wameipaka krimu za kujichubua. Krimu hizo mara nyingi huwa na steroidi kali ambazo zenyewe huleta chunusi na nywele usoni, kwa hiyo zikifichwa zinaweza kumpoteza daktari kabisa. Taja pia sindano ya uzazi, kipandikizi, na P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, kama umekuwa ukiimeza mara kwa mara, maana kila kimoja huweza kuvuruga hedhi kwa namna yake bila PCOS kuwepo.

Hapa wengi huuliza gharama, na wana haki ya kuuliza. Fedha ikiwa ndogo, mpangilio wa vipimo ndio unaookoa, na kwa bahati mbaya mara nyingi hupangwa kinyume. Kinachopaswa kutangulia ni cha bei ndogo: maelezo yako, kupimwa presha na uzito, na kipimo cha mimba, kwa sababu hata mwenye hedhi ya kusuasua anaweza kushika mimba. Baada ya hapo hufuata vipimo vya damu vya kuondoa magonjwa yanayofanana na hili, yaani tezi ya thiroidi na prolaktini, homoni ya maziwa ambayo ikizidi husimamisha hedhi. Pale maabara inapoweza, hupimwa pia homoni inayoonyesha hitilafu ya kurithi ya tezi za juu ya figo. Testosteroni ina maana zaidi kwa mwanamke ambaye nywele na chunusi hazionekani wazi. Ukiwa unatumia vidonge vya uzazi kipimo hicho hakiaminiki, na inabidi uviache kwanza kwa angalau miezi 3 huku ukitumia kinga nyingine. Ultrasaundi ije mwishoni, na ije tu kama jibu bado halijapatikana. Hatua hizi za mwanzo zinaweza kuanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, iwe Muhimbili, Bugando, KCMC au Kenyatta, ni hatua ya baadaye kwa anayemhitaji. Lakini usisubiri foleni yoyote kama sauti imekuwa nzito na nywele zimechipuka kwa kasi ndani ya miezi michache, kama chuchu zinatoa maziwa na kichwa kinauma na macho yanapoteza uwezo, au kama damu inatoka kwa wingi isiyozuilika. Hizo si dalili za kawaida za PCOS na zinahitaji kuchunguzwa haraka.

Pingamizi ninaloliona zito kuliko yote ni hili: kama tatizo lenyewe halina dawa ya kulimaliza, na mimi sitafuti mtoto kwa sasa, kwa nini nihangaike kulijua jina? Jibu la kwanza liko kwenye mji wa mimba. Projesteroni isipokuwepo kwa miezi mingi, utando wa ndani huendelea kunenepa bila kutoka, na unene huo wa muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba. Hedhi kupotea miezi 5 si mapumziko mazuri kutoka pedi, kama baadhi wanavyojifariji; ni utando unaosubiri. Jibu la pili ni sukari. Mwenye PCOS yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha aina ya pili, na hatari hiyo haimhusu mnene peke yake, ndiyo maana mwongozo wa kimataifa unataka kila anayetambuliwa apimwe sukari bila kujali umri wala uzito, kisha apimwe tena kila baada ya mwaka 1 hadi 3. Kipimo bora ni kufunga usiku, kunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, na kupimwa tena baada ya saa 2. Jibu la tatu ni mimba ya baadaye: kisukari cha ujauzito na kifafa cha mimba huwapata zaidi wenye hali hii, na mkunga anayejua tangu mwanzo atakufuatilia kwa jicho kali zaidi. Wale wanaosema utapona ukizaa wamechukua ukweli nusu. Ni kweli kwamba kwa wengi hedhi hutulia kadiri umri unavyosogea, lakini sukari na presha hazitulii pamoja nayo. Presha na kisukari navyo havina dawa ya kuvimaliza, na hakuna anayesema kwa hiyo visipimwe.

Matibabu hutegemea unachotaka sasa. Kama unataka hedhi ije kwa mpangilio, na nywele na chunusi zipungue, dawa inayotangulizwa ni vidonge vya uzazi vyenye homoni mbili. Najua neno hilo linavyotisha, hasa kwa binti ambaye hajazaa, kwa sababu inasemwa kila mahali kwamba vidonge huharibu kizazi. Haviharibu. Ukiviacha, uwezo wa kushika mimba hurudi kama ulivyokuwa, na unapovitumia vinaulinda ule utando usinenepe kupita kiasi. Kinachotakiwa ni kupimwa presha kwanza na kusema kama umewahi kuganda damu miguuni, kama unavuta sigara, au kama hupata kipandauso kinachoanza kwa kuona mianga, maana kwa watu hao vinaweza visifae. Asiyevitaka au asiyeweza kuvitumia anaweza kupewa projesteroni ya siku kadhaa kila baada ya mwezi 1 hadi 3 ili hedhi itoke. Nywele huchukua miezi 6 au zaidi kabla ya kuonyesha nafuu, hivyo usikate tamaa mwezi wa pili. Ukipewa metformini usishtuke kwamba umepewa dawa ya kisukari ilhali huna kisukari: kazi yake ni kuusaidia mwili uitikie insulini. Huanzwa kwa dozi ndogo pamoja na chakula, kwa kuwa huvuruga tumbo siku za mwanzo.

Kuhusu uzito nasema kwa tahadhari, kwa sababu wanawake wengi wamefukuzwa kliniki kwa maneno ya punguza mwili kwanza ndipo uje. Si haki, na si tiba. Wapo wembamba wenye PCOS, na mwenye mwili mkubwa anastahili kutibiwa leo huku akiendelea na jitihada nyingine. Uzito ukipungua hata kidogo huweza kusaidia hedhi na sukari, lakini hakuna mlo mmoja uliothibitika kuushinda mwingine, kwa hiyo usimlipe mtu kwa ratiba ya siri ya chakula. Kwenye sahani zetu mambo ya kubadili yanajulikana: chai isiyo na vijiko vitatu vya sukari, soda na juisi za pakiti kuwa za nadra, ugali wa dona badala ya sembe panapowezekana, wali kidogo na maharage au kunde nyingi, mboga za majani, dagaa na samaki. Mazoezi yanayopendekezwa ni angalau dakika 150 kwa wiki, ambazo ni kutembea kwa kasi dakika 30 kwa siku 5, na yanafaa hata mizani isiposogea.

Anayetafuta mtoto ana habari njema zaidi kuliko anavyodhani. PCOS huchelewesha yai kutoka. Haimaanishi kwamba mayai hayapo. Wengi hushika mimba bila dawa yoyote, na kwa wanaohitaji msaada, letrozoli ndiyo hutangulizwa. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 kwa wanawake 750, waliotumia letrozoli na kujifungua mtoto hai walikuwa asilimia 27.5, na waliotumia klomifeni asilimia 19.1. Upasuaji mdogo wa ovari kwa tundu dogo tumboni upo, ila huja baada ya vidonge kushindwa. Usiukubali kuwa hatua ya kwanza. Na mume apimwe mbegu kabla mke hajameza kidonge hata kimoja. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanamke huzungushwa hospitali kwa miaka, mawifi wakihesabu, ilhali kipimo cha mume kilikuwa cha siku moja. Usisubiri mwaka mzima wa kujaribu kama wengine wanavyoshauriwa, kwa kuwa hedhi isiyo na mpangilio yenyewe ni sababu ya kuanza sasa. Na kama hutaki mimba, tumia kinga, maana yai huweza kutoka mwezi usioutegemea.

Wauzaji wa mitandaoni wa dawa za kusafisha kizazi na kuweka sawa homoni wananufaika na ukimya uliopo hospitalini, na sitawalaumu wanawake wanaowaendea baada ya kuondoka kwa daktari bila maelezo. Hata hivyo kizazi hakina uchafu wa kusafishwa. Uwatu na mdalasini endelea kuvitia kwenye chakula, lakini havichukui nafasi ya dawa, na chochote unachokunywa kitaje unapoulizwa. Sonona na wasiwasi navyo huwaandama zaidi wenye hali hii. Kama usingizi umekupotea, au huoni sababu ya kuamka, hilo ni sehemu ya ugonjwa na lina haki ya kutajwa pamoja na hedhi.

Ukiingia kwa daktari, anza na sentensi yenye tarehe: hedhi yangu ya mwisho ilikuwa siku fulani, mwaka huu imekuja mara kadhaa, nanyoa kidevu kila wiki, mama yangu ana kisukari. Kisha uliza kama inaweza kuwa PCOS, na kama siyo, ni nini. Dada, ikiwa sasa hivi zimepita siku 90 tangu uone damu na kipimo cha mimba kinaonyesha huna, nenda kituo cha afya wiki hii.